Mdundo Niliouchukua kwa Masikio

Mama yule alikaa meza ya tatu kutoka tulipokuwa tunapiga ngoma, hotelini Tanga, karibu na mnazi uliozungushiwa taa. Gauni jeupe, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Sahani yake ya kamba wa kuchoma ndiyo kwanza ilikuwa imeletwa.

Tulikuwa tumeshapiga mdumange, tumeshapiga selo, wageni wameshapiga makofi ya kistaarabu. Nikaona nibadilishe hewa. Nikaweka ngoma kubwa kati ya magoti, nikachukua vijiti viwili vya mpera, nikaingiza mdundo mzito wa polepole, unaokatikakatika kama mzee anayepanda ngazi akipumzika kila baada ya hatua mbili.

Mama akaweka uma chini. Akasimama. Akainama mpaka vidole vya mkono wa kulia vikagusa sakafu, akavipeleka kwenye paji la uso, kisha kisogoni. Midomo yake ikatamka neno moja. Kwa mbali ule sikulisikia, lakini nililijua: *Atoto*.

Hakukaa tena mpaka nilipomaliza. Kisha akaja taratibu, akaniuliza kwa Kiingereza cha kujikongoja nani amenifundisha.

Nikamjibu: mzee mmoja wa mji wa Salvador, Brazil.

Akanishika mikono yote miwili, akaibana, akaondoka. Chakula chake kilirudi jikoni kama kilivyokuja.

Hakuna mzee aliyenifundisha.

Agosti

Nilifika Salvador, jimbo la Bahia, kwa wiki mbili, kwenye mafunzo ya kubadilishana ujuzi kwa wanawake wapiga ngoma. Nilikaa kwa mama mmoja mtaa wa Federação. Jioni moja akaniambia kwamba nyumba anayosali ya Kandomble, dini ya Brazil yenye asili ya Afrika, inafanya Olubaje, karamu ya Omolu, na kwamba mgeni akivaa nguo nyeupe na kufuata adabu hafukuzwi.

Mimi ni Mwislamu, na sikwenda kule kutafuta dini. Nilikwenda kusikia ngoma. Nalisema hili mapema kwa sababu lina sehemu yake katika kosa langu.

Omolu ni orisha, mmoja wa miungu ya Kandomble, mwenye ndui. Ndiye aletaye maradhi na ndiye ayaondoaye, na hakuna anayemwita kwa mzaha. Anapokuja, mwili aliouchukua hufunikwa kwa nyuzi kavu za mwale kuanzia kichwani hata kupita magoti, uso usionekane, kwa sababu makovu ya ndui si ya kutazamwa. Mkononi hushika kitu kama ufagio mfupi, kimeshonewa kauri. Watu wakimwona husema *Atoto*, neno linalotaka ukimya.

Chakula kiligawiwa juu ya majani ya mbarika, yale majani mapana ambayo kwetu watoto huyachezea bila kujua yana kazi. Tulikula kwa mkono. Kisha zikaletwa bisi. Bisi hizihizi za mahindi tunazonunua kwenye vifuko stendi ya basi. Kule ni chakula chake Omolu, na ni dawa. Mwanamke mmoja aliyekuwa mbele yangu, mguu umefungwa bendeji, alimwagiwa bisi kuanzia utosini, zikateremka mabegani, zikajaa sakafuni kuzunguka nyayo zake. Alikuwa analia bila sauti. Bendeji ilikuwa imelowa upande mmoja.

Na wakati wote huo ngoma zilikuwa zinapiga opanije.

Opanije ni mdundo wa Omolu. Hauna haraka. Unapiga, unasita, unapiga tena, na kwenye kile kituo ndipo yule aliyefunikwa mwale anaelekeza mkono ardhini, anainua, anageuka. Niliwahi kupiga ngoma harusini, mazishini, kwenye mikutano ya siasa. Sikuwahi kusikia ukimya uliowekwa ndani ya mdundo kwa uangalifu namna ile.

Tulikuwa tumeombwa tusirekodi. Simu niliizima.

Masikio sikuyazima.

Mkono ambao haujaitwa

Asubuhi ya pili yake nilirudi na mwenyeji wangu kusaidia kufagia. Mzee aliyepiga ngoma kubwa alikuwa pale, anazifunika ngoma kwa vitambaa vyake. Kule humwita ogani. Nikamwomba, kwa ulimi wa mwenyeji wangu, nikae kwenye ile ngoma ndogo nijifunze dakika tano tu.

Hakukasirika. Alisema katika nyumba ile ngoma hupigwa na wanaume walioitwa na kuingizwa kwenye kazi hiyo. Nikasema kwetu Tanga wanawake hupiga, na mimi napiga tangu nina miaka tisa. Akanitazama viganja, akaona sugu, akatikisa kichwa kwa heshima kabisa.

"Si kwamba mkono wako hauwezi, mwanangu. Mkono wako haujaitwa."

Iliniuma. Bado inaniuma kidogo, niseme kweli, na wapo wanawake Brazil kulekule wanaolipigania jambo hili katika nyumba zao. Hiyo ni kesi yao na watajua wanavyoiamua. Lakini nikiwa kwenye ndege narudi nyumbani, vidole vyangu vilikuwa vinagonga opanije kwenye meza ya chakula, kimya kimya, na ndani ya moyo kulikuwa na sauti inasema: mmenikataza ngoma, mdundo hamwezi kunikataza.

Naijua sauti hiyo. Ilikuwa ya hasira, ikajifanya ni ya mapenzi.

Ngoma inayokula

Nyumba nyingi za Kandomble zina ngoma tatu ndefu: rum ndiyo kubwa, rumpi ya kati, le ndogo. Juu yao kengele ya chuma ndiyo inayoshika saa. Mimi nimezoea ngoma kubwa ikae chini ivume, na ile ndogo ndiyo icheze na kutia madoido. Kule mambo yamegeuzwa. Le na rumpi hushikilia mdundo bila kuyumba, na rum, yenye sauti nzito kuliko zote, ndiyo inayosema. Haiongei na hadhira. Inaongea na miguu ya yule anayecheza. Akigeuka, inamgeuza. Akisita, inamwambia endelea.

Na anayepiga hapandwi. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Wengi chumbani wanaweza kuchukuliwa, ogani habebwi. Yeye ndiye anayebaki macho ili wengine waweze kwenda na kurudi salama.

Ngoma zenyewe zinalishwa. Zinavalishwa. Watu wakiingia huziamkia kwa kugusa ardhi, kama yule mama hotelini. Ngoma iliyotengenezwa na fundi mtaani ni mbao na ngozi mpaka siku itakapofanyiwa yake, na baada ya siku hiyo haiazimwi kwenda kuchezewa tafrija.

Haya yote niliyajua. Niliambiwa mafunzoni, tena kwa kirefu. Ndiyo maana nasema sikukosea kwa ujinga.

Nilivyofika Tanga nilikuwa na hoja tayari. Mwenyeji wangu alikuwa amenisimulia kwamba katika nyumba za tawi la Kandomble liitwalo taifa la Angola, zile zilizoshika urithi wa Wabantu, ngoma zenyewe huitwa ngoma. Ngoma! Mpigaji wake huitwa shikarangoma. Na ile dini nyingine kubwa kule, Umbanda, jina lake ni neno la Kimbundu, lugha ya Angola, la kazi ya kuganga. Mganga kwa Kimbundu ni kimbanda. Niliposikia nilimkumbatia. Bahari yote ile, karne zote zile, minyororo yote ile, na neno limefika likiwa zima.

Hapo nikajipa ruhusa. Nikajiambia hii ni mali yetu iliyopotea, naichukua irudi nyumbani.

Mwamba ngoma huvutia kwake.

Kwa sababu opanije haikutoka kwa wale wenye neno ngoma. Ni ya matawi mengine, nyumba za Ketu na Jeje, urithi wa Wayoruba na majirani zao wa Dahomey, Benin ya leo, watu wa upande mwingine kabisa wa bara hili. Kama nilitaka ndugu wa pwani yetu ningewatafuta kwingine. Meli za watumwa zilichukua watu pwani ya Msumbiji, Quelimane na Kisiwa cha Msumbiji, zikawapeleka Rio de Janeiro. Mpaka leo huko Minas Gerais, katika sherehe za Bikira Maria wa Rozari, kuna kundi la wapiga ngoma linaitwa Moçambique. Miguuni hufunga vikopo vyenye chembe ndani, vinavyolia kila hatua kama njuga zetu, na wao ndio wenye heshima ya kumsindikiza mfalme na malkia wa sherehe. Hao ningeweza kuwaita wajomba bila kuona haya. Lakini sikuupenda mdundo wao. Niliupenda ule wa Omolu, nikautafutia undugu baadaye.

Usiku wa Maceió

Baada ya yule mama kuondoka na sahani yake kurudi jikoni, sikulala vizuri kwa wiki kadhaa. Nilikuwa najibishana naye. Hakunilaumu hata kwa neno moja, ndiyo maana mabishano hayakuisha.

Nikaanza kusoma usiku. Nikaangukia habari za Maceió, mji mkuu wa Alagoas, kaskazini ya Bahia.

Usiku wa tarehe 1 Februari 1912, kundi la wanasiasa wenye silaha waliompinga gavana lilizunguka mji pamoja na umati wa watu, nyumba moja ya ibada hadi nyingine. Walidai gavana analindwa na uchawi wa weusi. Walivunja, walichoma, waliwapiga waliokuwemo. Vitu vingine walivibeba kuvionyesha hadharani kama nyara. Nyumba za dini hiyo, ambayo kule huiita Shango kwa jina la orisha wa radi, zilifutwa mjini ndani ya siku chache.

Waliobaki walifanya nini?

Waliendelea kusali. Bila ngoma. Walifunga madirisha, wakaimba kwa kunong'ona, wakapiga makofi ya chini. Namna hiyo ya ibada ikapata jina lake, *Shango ya kusaliwa kwa sauti ya chini*, na ilidumu kwa miaka na miaka. Serikali ya jimbo iliomba radhi mwaka 2012, miaka mia moja kamili baadaye.

Na si Maceió peke yake. Sheria ya makosa ya jinai ya Brazil ya mwaka 1890 iliufanya uganga na uaguzi kuwa makosa ya kufungwa. Polisi wa Rio walikamata ngoma na vitu vitakatifu, vikakaa miongo mikononi mwao kama vidhibiti vya uhalifu. Vilihamishiwa kwenye jumba la makumbusho mwaka 2020 tu. Bahia yenyewe, pale nilipokula kwenye jani la mbarika, nyumba za Kandomble zililazimika kujiandikisha polisi kabla ya kufanya ibada mpaka Januari 1976. Yule mzee ogani, kwa umri wake, alipiga ngoma kwa kibali cha polisi.

Nilikaa na hilo muda mrefu. Watu wa Maceió walikuwa na wa kumwita na hawakuwa na ngoma. Mimi nilikuwa na ngoma nzuri, ngozi imewambwa vizuri, na sikuwa na wa kumwita.

Mlango ulifunguliwa na nani

Lakini nafsi ilibisha, na nadhani ilibisha kwa haki. Kama ngoma hizi zilinyamazishwa kwa virungu, je, si ushindi zikipigwa mahali popote, hata hotelini Tanga? Mbona wenyewe walizitoa barabarani?

Ni kweli walizitoa. Mwaka 1949 wachukuzi wa bandari ya Salvador walianzisha kundi la kanivali wakaliita Filhos de Gandhy, Wana wa Gandhi, mwaka mmoja baada ya Gandhi kuuawa. Wanatoka wamevaa nyeupe, vilemba vya taulo, shanga za buluu na nyeupe, na wanapita barabarani na mdundo wa ijesha, ambao ni mdundo wa ndani ya nyumba za ibada. Mwaka 1974 vijana wa Curuzu, mtaa wa Liberdade, walianzisha Ilê Aiyê kwa kuwa watu weusi hawakuwa na mahali penye heshima katika kanivali ya mji wao wenyewe. Kundi hilo lilizaliwa nyumbani kwa Mãe Hilda Jitolu, mama wa Kandomble.

Nikarudia kutazama picha za zamani za Ilê Aiyê wakitoka Jumamosi ya kanivali, za kabla Mãe Hilda hajafariki mwaka 2009. Kabla ngoma hazijashuka mteremko wa Curuzu, Mãe Hilda anasimama mlangoni. Njiwa weupe wanaachiwa. Na mkono wake unarusha kitu cheupe juu ya vichwa vya umati.

Bisi.

Nilisimamisha video hapo. Omolu alikuwa amelishwa kwanza. Ngoma zilitoka kwa mlango, mwenye nyumba amesimama kizingitini, anajua kipi kinatoka na kipi kinabaki ndani. Ijesha ilitoka. Mimi opanije nilikuwa nimeitoa kupitia dirishani.

Pangani

Vile vijiti vya mpera nilivikata uani kwa shangazi yangu, Pangani. Kule Brazil nyumba za Ketu hupiga kwa vijiti, agidavi, na mara nyingi ni vya mpera. Nikataka sauti iwe ileile. Shangazi hakuniuliza vya nini. Nikaona nirudi kwake.

Shangazi alikuwa kiti kwa miaka mingi. Pepo wake walikuwa wanampanda, akapungwa, akawa naye anawasimamia wenzake kilingeni. Siku hizi hasemi sana habari hizo. Majirani wamebadilika, mawaidha ya msikitini yamekuwa makali, na watoto wake wanaona aibu. Nami nilikuwa miongoni mwa walioona aibu. Nilivuka bahari kwenda kutafuta kitu ambacho kililala chumba cha pili.

Nilimkuta anachambua mchele. Nikageuza ndoo, nikampigia opanije. Akaacha mkono ndani ya ungo, akafumba macho. Nilipomaliza alikaa kidogo.

"Nani mgonjwa?"

Nikasema hakuna mgonjwa, shangazi.

"Sasa huyu unamwita aje kufanya nini?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kuchambua mchele, na maneno yakaanza kumtoka kidogo kidogo, macho kwenye ungo. Kwamba siku zake za mwanzo alilala mgonjwa miezi, hospitali hawaoni kitu, mpaka akaletewa ngoma. Kwamba walimpigia hii, mwili kimya. Wakampigia ile, mwili kimya. Ilipofika ngoma yenyewe akasikia miguu inapata baridi. Kwamba kila mmoja ana ngoma yake, na akija anasema anachotaka: chano, ubani, marashi, kitambaa cha rangi fulani. Hayupo anayempigia ngoma yake na chano hakijaandaliwa.

"Mgeni ukimwita, uwe umeshapika."

Nikamsimulia habari ya mama wa hotelini. Nikamsimulia na uongo niliomwambia. Shangazi aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Yule aliweka uma chini kwa kuwa alidhani kuna mtu anatibiwa."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Wiki zote zile nilidhani aliniheshimu mimi, au aliiheshimu ngoma. Huenda alisimama kumwombea mgonjwa asiyekuwepo, na chakula kikapoa.

Ujumbe wa sauti

Nilimtumia mwenyeji wangu ujumbe mrefu, amfikishie mzee. Niliutunga kwa siku mbili. Nilisema niliusikia mdundo ule nyumbani kwake, nikauchukua kwa masikio, nikaupiga mara nne mahali watu wanapokula kamba, na nilipoulizwa nani amenifundisha nikamtaja mzee kama yeye. Nikasema hautapigwa tena na mimi. Nikaomba radhi.

Siku nane hakukuja kitu. Nilijiandaa kwa hasira yake, nikajiandaa pia kwa kimya.

Siku ya tisa ikaja sauti, dakika mbili na sekunde kumi na moja. Kwanza ni kelele za jikoni, kiti kinavutwa. Halafu kijiko kinagonga kitu cha chuma, juu, juu, chini, chini, kwa mwendo mwepesi wa kuyumba kama mtu anayetembea na ndoo ya maji kichwani. Kisha viganja vinaingia juu ya meza. Ijesha. Ijesha hupigwa kwa viganja vitupu hata katika nyumba zinazotumia vijiti, na alikuwa anaipiga polepole sana, kama anavyopigiwa mtoto. Akaizungusha mara nne. Karibu na mwisho akakohoa, akapoteza kengele, akaanza tena tangu mwanzo.

Baada ya hapo akasema maneno machache, mwenyeji wangu akanitafsiria chini yake kwa maandishi: "Mwambie huu ni wa barabarani. Huu nimemfundisha mimi."

Kuhusu ule mwingine hakusema neno.

Nimeusikiliza ujumbe ule kila usiku wiki hii. Kiganja changu cha kushoto bado kinachelewa. Kengele yake inataka sauti mbili, ya juu na ya chini, na chuma cha dukani hakitoi sauti ninayoitaka, kwa hiyo shangazi amenipa jembe lake lililolika na nimepata lingine kubwa kwa jirani. Kesho asubuhi watoto wa darasa la Jumamosi wanakuja saa tatu. Nitaanza nao kwenye majembe, ngoma baadaye.